Cherehani ya Mzee Barasa na Mwanamke wa Kitale

Kitale,
Jumapili jioni.

Mama,

Shikamoo. Na wewe Mghoi, mdogo wangu uliyeshika karatasi hii, nakusalimu. Msomee Mama pole pole, na ukifika mahali pagumu usiruke kama ulivyoruka ile barua ya ugonjwa wangu, Mama akaja kuusikia kwa watu wa kanisani. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia. Ila baridi ya huku haijanizoea wala mimi sijaizoea, na asubuhi natoka nimevaa makoti mawili mpaka mama mwenye nyumba, Mama Chebet, ananiuliza nasafiri kwenda wapi.

Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika Mwatate, au mnaiona tu ikipita juu ya milima? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mghoi aliandika kwamba yuko karibu, kisha akanyamaza, nami nimekaa na wasiwasi wa ng'ombe hadi leo.

Katika barua yenu ya mwisho uliniuliza, "Huko unaongea na nani?" Sikujibu. Niliandika habari za mahindi na bei ya sukari, nikafunga bahasha. Sasa nakujibu, lakini jibu lake ni refu na lina mtu aliyekufa ndani yake. Mghoi, hakikisha Mama ameketi vizuri.

Kazi ipo na haipo. Bado niko pale kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Lakini tangu mitumba ijae sokoni washonaji wengi wamefunga, na mshonaji akifunga, mimi ninayemtengenezea cherehani nitakula wapi? Wamebaki wale wa yunifomu za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa nakimbizana, miezi mingine natazama barabara.

Kinachonipa usingizi ni zile cherehani za zamani. Ugonjwa wangu unaujua, ulianza na ile ya shangazi hapo nyumbani. Sasa huku ndiko ulikozaliana. Wazungu walipouza mashamba wakaenda zao, waliacha vyuma hivyo kwenye stoo za mahindi, na waliovirithi hawajui ni nini. Endebess nilikuta moja imewekwa kuzuia mlango. Saboti nilikuta nyingine kuku wameilalia. Nikisikia tu pana chuma cha namna hiyo, naenda. Kwanza napangusa mahali palipopigwa namba, maana namba ndiyo inasema umri wake. Halafu natazama maua ya dhahabu yaliyochorwa shingoni, maana kila kiwanda kilikuwa na maua yake. Halafu nafungua kibati cha chini nione kama inatumia bobini ya duara ya siku hizi au ile shato ndefu, nyembamba, inayobeba uzi wa chini ikienda na kurudi. Nikiona shato ndefu, moyo unaruka. Chumba changu kimejaa hadi nikigeuka kitandani nagonga gurudumu la mtu. Mama Chebet anasema nioe mojawapo tumalize maneno.

Basi, mwaka jana, siku moja ya Jumamosi, akaja mzee mmoja kutoka Bungoma amebeba kitu kimefungwa kwa blanketi. Akakiweka juu ya meza yangu kwa uangalifu, akajipangusa jasho.

"Wewe ndiye fundi wa hizi vyuma za wazee?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Bungoma yote wameniambia nitupe ninunue mpya. Ati mpya. Nikawauliza, na bibi yangu pia si ni wa zamani? Naye nimtupe?"

Huyo ndiye Mzee Barasa. Alikuwa mshonaji sokoni kwao mpaka macho yakamkatalia. Cherehani ile haikuwa ya sokoni, ilikuwa ya nyumbani, ya kuzungushwa kwa mkono, aliyomnunulia mkewe walipooana. Nilipofungua nikakuta shato ndefu, ncha yake imelika, na springi ya kukaza uzi imevunjika. Maua yake ya dhahabu yalikuwa bado mazima, Mama. Nilipoyaona niliyapitisha kidole, na mzee akaniona nilivyoyagusa, akavuta kigoda akaketi. Nadhani urafiki ulianzia hapo.

Kuitengeneza hakukuchukua muda mrefu. Nilitoa shato katika ile ya Endebess, springi nikaikunja mwenyewe. Jumamosi moja nikapitisha kitambaa mbele yake, mshono ukatoka umelala vizuri, juu na chini. Mzee akautazama mshono. Akatazama barabara. Kisha akasema, "Naona bado inakwama kidogo."

Haikuwa inakwama. Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee, inakwama kidogo. Njoo Jumamosi."

Hivyo ndivyo tulivyokaa, wanaume wazima wawili, tunauguza cherehani isiyoumwa. Jumamosi ikifika alikuja na viazi vitamu vilivyochemshwa, amevaa shati safi, ananiuliza, "Mgonjwa wetu ameamkaje?" Nami nasema, ana nafuu, lakini bado. Basi anaketi. Anachukua skrubu zangu zenye kutu anaziosha kwa mafuta ya taa, moja moja, huku tunabishana kati ya Mjerumani na Mwingereza nani alijua zaidi kutengeneza cherehani. Yeye alikuwa wa Mwingereza. Aliniita Taita, akanitwika jina la kwetu lote. "Taita, wewe unakula nini, mbona shati linakutoroka?" Hakuna mtu mwingine huku aliyewahi kuona kwamba nimekonda.

Utasema, si angekuja tu kunitembelea bila kisingizio? Kwao si rahisi, Mama. Mzee wa Kibukusu wa umri wake ana watu wake wa kukaa nao. Kuna wa ukoo, kuna wakwe, na kuna wale waliotahiriwa naye mwaka mmoja, wanaitana bakoki, na hao hutaniana mpaka siku ya kuzikana. Mimi si wa ukoo, si mkwe, na mwaka aliotahiriwa yeye mimi nilikuwa sijazaliwa. Akitoka nyumbani kila Jumamosi, lazima aseme anafuata nini. Cherehani ilimpa la kusema. Na mimi pia, mwenye duka asingeniruhusu kukaa na mzee wa watu kibarazani kutwa nzima bila kazi mbele yetu.

Halafu Jumamosi moja hakuja. Nikasema ni mvua. Iliyofuata hakuja. Nikasema labda amekasirika, maana mara ya mwisho nilimsifu Mjerumani kupita kiasi. Viazi nikanunua mwenyewe, havikuwa vitamu.

Siku moja ya katikati ya wiki akaja mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi, akasimama mbele ya kibaraza akiangalia huku na huku.

"Fundi, nisaidie. Natafuta nyumba ya mama mmoja. Jina sijui."

"Mama gani huyo asiye na jina?"

"Baba yangu alikuwa anakuja kwake kila Jumamosi. Watu wa steji ya matatu wanasema walikuwa wanamwona upande huu. Mzee Barasa wa Bungoma. Tumemzika jana."

Mama, nilikuwa nimeketi tayari, lakini nilihisi nimeketishwa mara ya pili. Nilimwonyesha kigoda cha baba yake, akaketi bila kujua ni cha nani.

Jina lake Wafula, ndiye mtoto wa kwanza. Alinieleza yote, nami nitakueleza kama alivyoniambia. Mzee aliugua ghafla, hakumaliza wiki. Sasa kesho yake ilikuwa siku ya kunyoana. Kwao baada ya mazishi watu wa nyumba hunyolewa nywele, na siku hiyo hiyo kikao kinakaa, mambo yote ya marehemu yanasemwa hadharani. Mwenye kitu cha marehemu anasimama anasema. Mwenye neno juu ya marehemu naye anasema. Lisiposemwa siku hiyo, halisemwi tena.

"Na Mama amekataa kunyolewa," Wafula akasema. "Anasema cherehani yake ilitoka kwa nyumba mwaka jana, ati inatengenezwa. Fundi gani anatengeneza mwaka mzima? Na mzee kila Jumamosi shati safi, anarudi akiimba. Amesema yeye hawezi kumnyolea mwanaume aliyempea mwanamke wa Kitale cherehani ya ndoa yake. Wajomba wanamuunga mkono. Unajua maana yake, fundi? Mjane akikataa kunyolewa, amemkana mzee mbele ya watu wote. Tutaishi na hiyo maneno mpaka wajukuu."

Wakati anasema hivyo, jicho lake likaanguka mezani. Akainuka.

"Si ni hii?"

"Ndiyo hii. Mwanamke hakuna, ndugu yangu. Kuna mimi."

Akazungusha mkono wa gurudumu. Likaenda laini. "Imepona?"

"Imepona."

"Tangu lini?"

Nikasema zamani. Alinitazama kwa macho ya baba yake kabisa. Kisha akasema, "Nikirudi nayo mimi, Mama atasema nimeitoa kwa huyo mwanamke nikapangiwa cha kusema. Twende useme wewe."

Unanijua, Mama. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Hata siku ya kipaimara nilisahau majibu na askofu akanisaidia. Lakini nilimfunga mgonjwa wetu kwa blanketi lake lile lile, tukaenda.

Asubuhi yake watu walikuwa wengi chini ya turubai, na mimi simjui hata mmoja. Mjane wake wanamwita Mama Nasimiyu. Alikuwa ameketi kando juu ya mkeka, mwanamke mdogo wa mwili, amejifunga leso kichwani ameikaza, ili kila mtu aone kwamba nywele zake zipo na zitabaki. Wembe ulikuwa tayari kwenye sahani. Mzee aliyeongoza kikao akauliza nani ana kitu cha marehemu. Wafula akanigusa mgongoni. Nikasimama, nikasema jina langu na kwamba mimi ni Mtaita, nikasema nina cherehani.

Kelele zikapita kama upepo kwenye mahindi. Mzee wa kikao akaninyamazishia watu.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

Mama, swali dogo hilo lilinishinda. Kwao kila aliyesimama alikuwa na jibu: mimi ni mkwe, mimi ni mpwa, mimi ni wa jando lake. Nilitafuta neno nikakosa. Nikasema, "Mimi ni fundi wake."

Mjomba mmoja wa upande wa mjane akainuka. "Fundi mwaka mzima? Hiyo chelehani ilikuwa na ugonjwa gani, bana?"

"Haikuwa na ugonjwa."

Wakacheka, kicheko kibaya. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyo ametumwa na yule mwanamke." Mzee wa kikao akataka aone. Nikaiweka juu ya meza ya kitabu cha rambirambi, nikapewa kitambaa, nikashona mbele yao kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, uzi haukukatika. Na hapo ndipo nilipojiharibia kabisa, maana cherehani nzima ina kazi gani kwa fundi? Niliona hata Wafula ameinamisha uso.

Basi nikasema kweli. Nikasema, "Ilipona zamani. Yeye alijua, mimi nilijua. Tuliiacha pale kwa sababu ikirudi Bungoma, yeye hana la kumpeleka Kitale. Na mimi huko sina mtu."

Nilisema hivyo mbele ya watu nisiowajua, Mama. Hata wewe sijawahi kukuandikia hivyo. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa, mikono ilikuwa inashikilia meza.

Watu wakatazamana, bado hawajaamini. Ndipo Mama Nasimiyu akasema kutoka pale mkekani, mara ya kwanza siku hiyo, kama alivyoniambia Wafula baadaye.

"Alikuwa anaongea nini huko?"

Nikamwambia, tulikuwa tunaongea habari za cherehani, na habari zako.

"Zangu zipi?"

Niliogopa kidogo, lakini nikasema. Nilimweleza kwamba nilipoifungua ile cherehani mara ya kwanza nilikuta uchafu wa njano chini ya gurudumu, umekauka kama gundi. Nikamuuliza mzee ni nini. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, mwaka wao wa kwanza wa ndoa, bibi yake aliona cherehani inalia, akaitia mafuta ya kupikia, yale ya kuganda. Baridi ilipokuja ikakataa kuzunguka kabisa. Bibi akasema imerogwa na jirani. Akakataa kulala nayo nyumba moja mpaka akaitiwa mchungaji. Mchungaji akaja, akaweka mikono juu ya cherehani, akaomba sana, na alipoondoa mikono ilikuwa inanuka mandazi. Wakaapa wote watatu wasimwambie mtu, na mchungaji mwenyewe alikwisha kufa.

Nilipofika kwenye mandazi, Mama Nasimiyu alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya leso. Mabega yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia, dada zake wakamshika. Alipotoa leso, kumbe anacheka.

"Hiyo hakuna mtu anaijua," akasema. "Hata watoto hawaijui." Akanitazama, toka viatu mpaka kichwani, upara wangu na makoti yangu mawili. "Mwanaume haendi kwa mwanamke mwingine kumsimulia upuzi wa bibi yake. Kumbe huyo mwanamke wa Kitale ana ndevu."

Turubai lote likacheka, hata yule mjomba. Kisha kicheko kikamgeuka Mama Nasimiyu palepale, akaanza kulia kilio chenyewe, cha mume, kile alichokuwa amekizuia toka mazishi. Akavua leso kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akainamisha shingo, wakamnyoa. Mimi nilisimama pale pale karibu na cherehani kwa kuwa sikujua niende wapi, mpaka mzee mmoja akanisogezea kiti.

Cherehani imebaki kwake. Ndipo inapostahili kuwa. Nimerudi na kuku jike waliyenipa, ambaye Mama Chebet amekataa kumfuga, kwa hiyo nalala naye, na ameanza kutaga kwenye droo ya cherehani ya Saboti. Jumamosi zimepita. Nafanya kazi, naosha skrubu zangu mwenyewe. Mara nyingine naona jambo la ajabu kwenye chuma cha zamani, nainua uso kumwambia mtu, halafu naendelea na kazi. Hilo ndilo jibu la swali lako. Niliongea na Mzee Barasa.

Usiniambie nirudi nyumbani, najua utasema. Nitakuja Krismasi, kama kifua kitaruhusu, nikae mpaka mnichoke.

Msalimie Baba Mdogo, umwambie lile jembe lake sijalisahau. Msalimie shangazi mwenye cherehani, asiitie mafuta ya kupikia hata siku moja. Salamu kwa mchungaji, kwa mama jirani anayewaletea maziwa, na kwa watoto wa Mghoi, ambao nadhani hawanikumbuki sura.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima mlijue. Siku ile nilipoondoka, Mama Nasimiyu alinisindikiza mpaka barabarani, kichwa kikiwa kipya, kinang'aa. Tulipofika akasema, "Taita, huyu mzee wetu alipokufa, kuna mtu alikuja Kitale kuuliza. Wewe ukifa huko, nani atakuja kuuliza?"

Nikasema mama mwenye nyumba atajua.

"Mama mwenye nyumba atajua chumba kimenyamaza. Mimi nauliza kwenu watajuaje."

Akamwita Wafula alete kalamu, nikawapa anwani yenu. Amesema Wafula atakuwa anapita kibarazani kwangu akija Kitale, na yeye mwenyewe atawaandikia, kwa sababu anataka kujuana na mama aliyenizaa. Kwa hiyo Mama, ukipata barua yenye muhuri wa Bungoma na mwandiko usioujua, usianze kulia kabla Mghoi hajaisoma. Huenda ni salamu tu.

Mwanao,
Mwakio